Ni nani mwenye haki ya kuuza tumaini?



Siku moja, nyuma ya maombi ya jioni, bwana mmoja na bibi yake walibaki kanisani wakati wengine wote walipokwisha kuvaa viatu na kutoka. Wamekaa katika ndoa miaka 9 bila mtoto. Walikuwa na karatasi ya hospitali mkononi. Karatasi ilisema kwamba utando wa ndani wa tumbo la uzazi la huyu mama ni mwembamba, milimetri 5 tu, na munganga aliwashauri wapate dawa mpya: watatoa damu katika mkono wa mama mwenyewe, wataizungusha katika mashine, watachukua sehemu fulani ya damu ile na kuirudisha ndani ya tumbo la uzazi, ili utando ukue tena. Bei yake ilikuwa sawa na kiwanja chao, na kiwanja ndicho kitu walicho nacho.

Bwana aliniuliza: «Papa Pasta, ni zambi?» Nikamjibu haraka, maana jibu la swali lile halikunisumbua. Lakini walipofika kwenye mlango, mama aligeuka akaniuliza swali lingine, kwa sauti ndogo: «Nilimwuliza munganga kama itafaa. Alicheka tu, akasema, mama uwe na imani. Je, neno hilo ni la kwake kulisema?»

Swali hilo la pili nimelibeba wiki nyingi. Ndilo ninaloandikia leo.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe, sababu wengi wetu tunasikia «tumbo limeharibika» na mara moja tunaanza kutafuta mtu aliyeliharibu. Ndani ya tumbo la uzazi kuna utando laini wenye damu nyingi. Una sehemu mbili. Sehemu ya juu inakua kila mwezi, na kama mimba haikuja inabomoka na kutoka na damu ya mwezi. Sehemu ya chini inabaki. Ndiyo mzizi, ndiyo inayoiotesha tena ile ya juu. Wanawake waliolima wataelewa upesi: ukivuna majani ya muhogo, yanaota tena, lakini ukichimba mzizi wote, utangoja bure. Waganga wanapima unene wa utando huo kwa ekografia. Ukiwa chini ya milimetri 7 hivi wanaanza kuwa na mashaka, juu ya kuwa mimba inahitaji mahali pa kushika. Ninasema mashaka, sisemi hukumu. Wako wanawake waliozaa wenye milimetri 6 au 5. Namba ile si neno la Mungu.

Na mzizi unaharibika namna gani? Mara nyingi ni kwa kukwanguliwa. Mama amepoteza mimba, au kondo la nyuma halikutoka lote wakati wa kuzaa, wakamfanyia kile tunachoita kiretaji; wakikwangua sana, au kukiwa na maambukizo, mzizi unaumia, na kuta za ndani zinaweza hata kushikamana kwa kovu. Munganga Joseph Asherman alieleza ugonjwa huo mwaka 1948, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kifua kikuu nacho kinaweza kuingia katika tumbo la uzazi na kulikausha bila mama kukohoa hata siku moja, na sisi tunaishi katika nchi ya kifua kikuu. Wengine waliharibiwa na mkono wa siri, walipokuwa wasichana, kwa kutoa mimba mahali pachafu. Wengine utando wao ni mwembamba na hakuna anayejua sababu.

Basi, wapendwa, shangazi mzee anayekaa peke yake nyuma ya nyumba hakuula utando huo usiku. Ninaandika hivi waziwazi kwa sababu ninajua nyumba ambamo bibi kizee alifukuzwa kwa sababu ya tumbo la mkaza-mwana, na sisi viongozi tulinyamaza. Tena karibu mara nusu ya nyumba zisizo na mtoto, upande wa mwanaume nao una shida, hata kama hatapenda kupimwa.

Na tusifikiri kwamba huzuni hii ilianza jana. Serikali ya Wabelgiji ilipohesabu watu wa Kongo katika uchunguzi mkubwa wa miaka 1955 hadi 1957, ilionekana kwamba katika sehemu fulani za Équateur na Uele zaidi ya robo ya wanawake waliopita umri wa kuzaa hawakuwa na mtoto hata mmoja. Anatole Romaniuk, aliyeshughulikia hesabu hizo, alionyesha kwamba magonjwa ya zinaa ndiyo yaliyokuwa sababu kubwa. Fikirini vijiji vile. Ni waganga wa miti wangapi waliolipwa mbuzi, ni wake wangapi waliorudishwa kwao, na kumbe ni ugonjwa ambao penisilini ingeuponya kama ingefika mapema.

Nirudi kwa swali la bwana: ni zambi? Wengine katika kundi walisikia habari ya damu wakaogopa. Wanasema Walawi 17 inafundisha kwamba uhai wa mwili umo katika damu. Ndiyo, inafundisha hivyo. Lakini sura ile inakataza kula damu, na inaiweka damu kwa mazabahu. Damu ya mama huyu hailiwi, haitolewi kwa roho yoyote, haitoki kwa mtu mwingine. Inatoka katika mkono wake na kurudi katika tumbo lake. Ndani yake wanatafuta zile chembe ndogo zinazoziba kidonda unapojikata na kisu. Chembe hizo zinabeba vitu vinavyoita nyama ipone. Mungu ndiye aliyeziweka pale. Kuhusu mimba inayotungwa nje ya mwili na kisha kuwekwa tumboni, kazi iliyoanza kuzaa matunda Uingereza mwaka 1978, hilo ni neno refu na ninaliacha kwa siku nyingine.

Na wale wanaosema kwamba kwenda kwa munganga ni kumkana Mungu wa miujiza, wasome tena Isaya 38. Mfalme Hezekia alikuwa anakufa. Nabii alimletea neno la Bwana kwamba atapona, na nabii yuleyule aliagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu. Neno na dawa katika kinywa kimoja. Ni kweli mfalme Asa alilaumiwa juu ya waganga, lakini alilaumiwa kwa sababu aliwatafuta wao na kumwacha Bwana. Katika kanisa letu, tunajua kwamba mwaka 1921 watu waliacha mashamba ya wazungu na vitanda vya hospitali wakaenda Nkamba, na Papa Simon Kimbangu akaomba, na wagonjwa wakapona. Lakini kanisa hilohilo, lilipopata uhuru wake, lilijenga hospitali. Halikuona vita kati ya mambo hayo mawili.

Kwa hiyo nilimwambia bwana: hapana, si zambi. Hapo nilikuwa na amani. Amani hiyo iliondolewa na bibi yake.

Munganga alimwambia awe na imani. Imani katika nini? Niliomba msaada kwa ndugu mmoja mwenye masomo ya uganga, tukatazama pamoja yale yaliyoandikwa. Dawa ya kwanza kwa utando mwembamba ni homoni ya estrojeni, na hiyo haina bei ya kiwanja. Zikishindwa hizo za kawaida, ndipo zinakuja dawa za kukuza upya. Mwaka 2011, kule New York, waganga waliandika habari ya wanawake 4 waliotiwa katika tumbo la uzazi dawa inayoamsha seli nyeupe za damu, utando ulikua. Wanne! Mwaka 2015, kule China, wengine waliandika juu ya damu iliyozungushwa, wanawake 5. Mwaka 2016, kule Uispania, walichukua seli changa za uboho wa mifupa na kuzipeleka kwa mishipa ya tumbo la uzazi kwa wanawake wasiofika 20 wenye makovu au utando uliokauka. Wengine walipata damu ya mwezi tena, na wengine walibeba mimba. Ni mambo ya kushangaza, na sipendi kuyazarau. Mimi mwenyewe niliyasoma na moyo ukaruka.

Lakini tazameni jambo moja. Wanawake wanne, watano, kumi na sita: hao ni watu wa kiti kimoja cha kanisa. Na pembeni yao hapakuwa na wengine ambao hawakupewa dawa, ili tujue kama wangezaa hata bila dawa. Sasa ninyi mnajua kwamba mama anaweza kukaa miaka 7 bila mimba, na mwaka wa 8 akashika bila kutumia kitu. Kama mwaka huo alikunywa majani, atasifu majani. Kama alifunga siku tatu na nabii fulani, atamsifu nabii.

Wale waganga wa New York walifanya kitu ambacho kilinifundisha kuliko mahubiri mengi. Walifanya jaribio kubwa zaidi, kwa wanawake waliokuwa wakitafuta mimba kwa njia ya laboratwari, si wale tu wenye utando mwembamba. Nusu walipewa dawa ya kweli, nusu maji ya chumvi, bila mtu kujua nani amepata nini. Mwaka 2014 walitangaza: hakuna tofauti, si kwa unene wala kwa mimba. Walitangaza wenyewe kinyume cha tumaini lao wenyewe. Majaribio mengine juu ya damu ya kuzungushwa yamefanyika tangu wakati ule, mengine yenye kutia moyo, mengine hapana, mengi ni madogo. Mwaka 2023 chama cha waganga wa uzazi cha Ulaya kilitoa mashauri yake juu ya dawa za namna hii zinazoongezwa, na hakikushauri itumiwe kwa kawaida.

Basi, mtu anayejua hayo yote, anamwambia mama «uwe na imani» na kupokea bei ya kiwanja. Hapo ndipo zambi ilipo, nami nilikuwa ninaitafuta katika damu.

Mtu atanijibu: Pasta, mama ni mtu mzima. Kama anataka kujaribu, ni haki yake. Hata mkulima anapanda bila kujua kama mvua itakuja. Ni kweli, na sipingi. Lakini mkulima anajua kwamba hajui. Amekaa na mvua ile tangu utoto wake. Huyu mama hajui, na anayejua ndiye anayepokea feza. Zaidi ya hayo, ana njaa. Mnakumbuka Esau, alivyorudi kutoka porini amezimia, na ndugu yake akiwa na chungu cha dengu juu ya moto. Yakobo hakuiba kitu. Alipanga bei tu, na bei ilipangwa na njaa ya mwingine. Tunasoma habari ile na kumlaumu Esau kwa ujinga wake. Ni mara chache tunamtazama yule aliyeshika mwiko.

Rakeli naye alikuwa na njaa ile. Mwanzo 30 inasema mtoto wa Lea alipata tunguja shambani, matunda ambayo watu wa zamani waliamini yanafungua tumbo, na Rakeli akayanunua kwa usiku mmoja wa bwana yake. Alilipa kwa kitu cha moyo wake. Na mnajua nani aliyeshika mimba nyuma ya biashara ile? Lea, aliyeuza. Rakeli alikaa bado, mpaka siku Mungu alipomkumbuka, na hapo Biblia haitaji tunguja.

Hapa ningeweza kumaliza, na waganga wangebeba mzigo wote, nasi tungerudi nyumbani tukiimba. Haitakuwa haki.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana katika kazi hii, mama mmoja wa kwaya alikuwa anatafuta mtoto. Tulikuwa katika maombi makubwa, watu walikuwa wanalia, na mimi nilisimama mbele ya wote nikamwambia kwamba mwaka ujao, wakati kama huu, atakuwa na mtoto mikononi. Nilitwaa neno la Elisha na kulivaa kama nguo ya kuazima. Kila mtu alipiga makofi. Yeye alileta shukrani kanisani mbele ya wakati: feza, na kitambaa kizuri kwa mama wa nyumbani kwangu. Nasi tulipokea. Mwaka ulipita. Hakuna aliyeniuliza kitu, hata yeye. Alianza kukaa kiti cha nyuma, kisha akaacha kuja. Nilisikia wengine wakisema imani yake ilikuwa ndogo, nami sikuwafunga kinywa, kwa sababu neno hilo lilinifaa.

Mungu hakunituma kusema vile. Nilihurumia machozi yake, na nilipenda makofi. Sijui kipi kilikuwa na nguvu zaidi.

Someni 2 Wafalme 4 polepole. Yule mama wa Shunemu hakuomba mtoto. Alikuwa ameufunga moyo wake juu ya jambo lile, akasema anakaa vizuri kati ya watu wake. Nabii alipomwambia atazaa, hakuruka kwa furaha: alimsihi mtu wa Mungu asimdanganye. Na mtoto alipokuja, akakua, akafa juu ya magoti yake, mama alimwendea Elisha mlimani, akamshika miguu, akamkumbusha kwamba alimwomba asimdanganye. Elisha hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Aliinuka akamfuata mpaka nyumbani kwake, akapanda juu ya kitanda, akalala juu ya maiti ya mtoto, kinywa juu ya kinywa. Nabii aliyetoa ahadi alikwenda kuibeba kwa mwili wake. Je, sisi tunaotoa ahadi katika mikutano, tunawafuata wapi wale waliobaki mikono mitupu?

Kwa hiyo kipimo ni kimoja kwa wote wawili. Munganga aseme anachokijua: wangapi walipewa dawa hii, wangapi walizaa, wangapi walizaa bila kupewa, na kama hii ni dawa iliyokwisha kuhakikishwa au jaribio. Kama ni jaribio, kwa nini anayejaribiwa ndiye analipa? Nabii naye aseme ninaomba, na asiseme Mungu amesema kama Mungu hakusema. Bwana aliwaambia wanafunzi wake walipokwenda kuponya kwamba walipokea bure na watoe bure. Sisemi munganga asilishe watoto wake. Sindano inanunuliwa, mashine inanunuliwa. Ninasema tumaini lenyewe halina mwenye duka.

Kuna neno pia kwa bwana, na kwa ndugu za bwana waliokwisha kumtafutia msichana mwingine kijijini. Kanisa letu lilikataa ndoa ya wake wengi tangu mwanzo, na halikuandika pembeni «isipokuwa kama hakuna mtoto». Elkana alimwuliza Hana kama yeye hakuwa bora kwake kuliko watoto kumi. Watu wanamcheka Elkana, wanasema hakuelewa uchungu wa mwanamke. Inawezekana. Lakini katika nyumba ile alikuwa mtu mmoja aliyemwambia Hana kwamba anapendwa bila mtoto, wakati kuhani Eli mwenyewe alimwona amelewa. Nani kati yetu amemwambia bibi yake hivyo mwaka huu? Tunaimba Upendo, Amri na Kazi; tunajua amri, tunafanya kazi.

Yule bwana na bibi yake walirudi juma lililofuata. Mama alikuwa ameandika maswali yake kwenye ukurasa wa daftari la shule, tukayasoma pamoja, nikaongeza moja juu ya kifua kikuu, kwa sababu hakuna aliyempima. Bwana alikubali kwamba ataingia naye katika chumba cha munganga na hatangoja nje, na kwamba yeye pia atapimwa. Kiwanja hakijauzwa. Kama munganga atawajibu kweli, na kama wataona bado wanataka kujaribu, ni juu yao, na mimi nitawasindikiza bila lawama.

Kabla ya kwenda, mama aliniomba kitu kimoja kwa ajili ya kundi lote: mumwombee, kila mtu anayesoma haya, lakini mtu yeyote asimtabirie.